Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga wa mwambao waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu mpe jembe, hawakukusudia kumchosha mgeni wala kumfukuza kwa hila, kama wanavyodhani wale wanaoyachukua maneno ya wakale kwa juujuu. Walikusudia kumwonyesha mlango wa kuuvua ugeni wake. Aliyepewa jembe amepewa na mahali pa kulipigia, naye aliyepata mahali pa kulima amekwisha kuipata nusu ya uenyeji, na ile nusu ya pili huitafuta kwa subira, kwa adabu, kwa ndoa na kwa makaburi. Katika nchi yetu ni wachache walioijaribu methali hii kwa jasho la miili yao kama Waha wa nyanda za juu za Kigoma, waliotoka Kasulu, Kibondo na vijiji vya mpakani kama Mabamba, wakaivuka Tanganyika yote kutoka machweo hadi mawio, wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Pangani, na baadhi yao wasirudi tena.

Kandokando ya mashamba hayo, kuanzia Muheza kuteremka hadi ufuoni ambako majina ya Kigombe, Sakura na Mwera yalijulikana kwa mkonge kama yalivyojulikana kwa minazi na samaki, vimetanda vitongoji vidogo vya wakulima ambavyo msafiri wa barabara kuu hupita asivione. Nyumba ni za udongo na fito, nyingine zimeezekwa makuti na nyingine bati. Nyuma ya nyumba pana mihogo, kunde na mahindi ya masika. Mbele pana baraza, na si mbali na baraza pana msikiti mdogo na chuo cha Kurani ambamo watoto huketi mkekani alasiri wakisoma juzuu kwa sauti. Ni nchi ya dini na desturi, inayopima heshima ya mtu kwa mavazi yake, maamkizi yake na mahudhurio yake msikitini siku ya Ijumaa. Mtu asiyeijua historia atadhani kwamba kila aliyeketi barazani amezaliwa na ukoo uliokuwapo tangu Washirazi walipoujenga mji wa Tongoni. Lakini ukiwauliza wazee nasaba zao, si ajabu mmoja akakutajia Kasulu, na mwingine Kibondo, na wa tatu akakuonyesha kwa mkono upande wa magharibi tu, kwa kuwa jina la kijiji cha babu yake limekwisha kupotea katika familia.

Tuanze basi huko walikotoka. Mabamba ni kata ya wilaya ya Kibondo, iliyokaa mpakani kabisa na Burundi, mwendo usiofika kilomita hamsini kutoka mjini Kibondo. Ni nchi ya vilima na mabonde, yenye mvua nyingi kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Mei, na udongo wake hukubali maharage, mahindi, mihogo na migomba. Zamani ilikuwa chini ya Mwami wa Muhambwe, mojawapo ya falme za Buha, kama Heru ilivyokuwa upande wa Kasulu na Buyungu upande wa Kakonko. Watu wake walikuwa wakulima na wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Shamba la migomba lilikuwa kwao ndiyo nyumba, na mtungi wa pombe ya ndizi ndio uliofungua kila jambo kubwa, likiwa posa, likiwa suluhu ya ugomvi, likiwa mkusanyiko wa majirani waliokuja kumlimia mwenzao.

Dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili hazikuwa mbali nao. Ujiji, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, ulikuwa tangu karne ya kumi na tisa kama pwani iliyohamia bara. Burton na Speke walipofika huko mwezi wa Februari 1858 waliukuta tayari ukijulikana na wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, na baadaye Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, akawa mkubwa wa mji. Waha wa vilimani walishuka hapo na nafaka na mifugo yao, wakabadilishana kwa nguo na bidhaa nyingine, kisha wakapanda tena vilima vyao. Lakini Uislamu ukabaki kwa Wamanyema na wakazi wengine wa ziwani, ilhali nyanda za juu hazikuupokea, hata zilipokuja misheni za Kikristo, Kabanga na Heri na kwingineko, zikakuta uwanja u wazi.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mha aliyesimama mlangoni pa Uislamu kule Ujiji kwa miongo mingi asiingie, aliingia bila kusita sana alipofika Pangani, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwao. Kwa nini? Kwamba wa Pangani walikuwa na hoja nzuri kuliko wa Ujiji si kweli, na kwamba walimlazimisha si kweli vile vile. Ili tuipate sababu yatubidi tumfuate njiani.

Serikali ya Waingereza ilipoitwaa Tanganyika iliyagawa majimbo yake kwa kazi zake, ijapokuwa haikuutangaza mgawo huo kwa tarumbeta: hapa patatoa kahawa, hapa pamba, na hapa patatoa watu. Buha iliwekwa katika fungu la tatu. Zao la kuuza halikutiliwa mkazo huko, na barabara zilikuwa chache, lakini kodi ilidaiwa kama inavyodaiwa penye kahawa. Na asiyekuwa na cha kuuza aliuza mikono yake. Fauka ya hayo, katika miaka ya thelathini ugonjwa wa malale uliwafanya watawala kuwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu kutoka katika maskani yao yaliyotawanyika, wakawakusanya katika makazi ya pamoja mbali na mbung'o, wakawaokoa na mauti lakini wakawaondoa penye mashamba na makaburi ya wazee wao. Kijana aliyekwisha kuhamishwa mara moja hakuona ugumu mkubwa kuhama mara ya pili.

Na mkonge ulikuwa ukimngoja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mmea huo kutoka Florida. Ikafika iliyo hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani, na kutoka katika hiyo sitini na miwili yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza ulimwenguni kwa zao hili. Katika miaka ya hamsini watu zaidi ya laki moja walikuwa wakifanya kazi mkongeni. Wenyeji wa mwambao, waliokuwa na minazi, nyavu na mashamba yao, hawakuwa na haja ya kazi ile kwa ujira ule. Kwa hiyo wenye mashamba ya mkonge wakawatafuta watu wa mbali, na mwaka 1944 wakaunda shirika lao la kuajiri, lililojulikana kwa jina la SILABU, ambalo mawakala wake waliandikisha vijana huko Kasulu na Kibondo, wakawapakia katika malori hadi kwenye reli ya kati, hiyo reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Reli ya kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa hadi mwaka 1963, basi safari iliyoanza kwa lori ikaendelea kwa behewa ilimalizikia tena kwa lori. Na kijana aliyezoea baridi ya asubuhi ya vilimani aliteremshwa katika joto la pwani, akapewa namba, akaonyeshwa kambi, akaanza kuitwa manamba.

Kazi yenyewe ilistahiki kuandikwa na washairi, nao hawakuiandika ya kutosha. Mkataji aliamka kabla ya jua, akaingia katika safu za mkonge ambao kila jani lake limeishia kwa mwiba, akakata, akaondoa miba, akafunga majani thelathini thelathini, akayabeba hadi penye reli ndogo ya shamba. Aliyemaliza kazi aliyokadiriwa na mnyapara alitiwa alama katika kadi yake iliyoitwa kipande, na kipande kilikuwa na siku thelathini za kazi, kila siku na mahali pake. Na mpaka zote zijazwe, mshahara haukuwa wake. Majani yakaenda korona, yaani kiwanda cha shamba, mashine ikayasaga na kuyakwangua, na katika kila kilo mia za majani zikapatikana kilo za singa zisizozidi nne au tano. Zilizobaki zikamwagwa, zikaoza, na harufu yake ikakaa kambini mchana na usiku.

Katika kambi hizo Mha aliishi na Mrundi, Mnyamwezi, Mbena na Mmakonde. Wote walikuwa vijana, wote walikuwa wageni, na wote walikuwa na nia ya kurudi. Nia hiyo iliwatosha maadamu walikuwa wazima. Lakini mtu hufa ghaibu kama anavyokufa kwao, na siku alipokufa wa kwanza, kambi nzima iliulizwa swali ambalo mkataba wa SILABU haukulijibu: ni nani atakayemwosha, ni nani atakayemvika sanda, na atalazwa katika ardhi ya nani? Kule Ujiji Mha hakuulizwa swali hili, kwa kuwa mchana alifanya biashara na usiku, au baada ya siku chache, alilala kwao. Ndugu zake walikuwa karibu, na aliyekuwa na ndugu wa kumzika hakuhitaji kutafuta wengine. Kule Pangani alikuwa peke yake. Na jirani wa kambi, mwanakijiji wa pwani mwenye kanzu yake iliyochakaa na jeneza la msikiti wake, alikuwa amefundishwa chuoni tangu utoto kwamba kumwosha Mwislamu aliyekufa, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi, wote wamesalimika, na wasipoitimiza yeyote, dhambi ni ya wote. Haikuuliza faradhi hiyo marehemu ni wa kabila gani.

Hiyo, kwa insafu ya moyo wangu, ndiyo sababu kubwa iliyowaingiza Waha wengi wa mashambani katika dini ya mwambao. Sisemi kwamba imani yao ilikuwa ya hadaa au ya maslaha, hasha. Dini huingia moyoni kwa milango mingi, na mlango wa huruma mbele ya mauti si dhalili kuliko mlango wa hoja. Mtu aliyemwona mwenzake Mwislamu wa kambini akizikwa kwa taadhima na watu wasiomjua, kisha akasomewa hitima na watu hao hao, na wali ukapikwa kwa ajili yake katika nyumba ambayo hajapata kuiingia, alijua kwamba hapa pana ukoo unaoweza kumpokea asiye na ukoo. Akatamka shahada, akapewa jina la Juma au Ramadhani, akaitwa bin Abdallah kama waingiaji wengi walivyoitwa, na kuanzia siku hiyo alikuwa na wa kumzika.

Kwa jina hilo aliweza pia kuoa. Mahari ilikubaliwa, kadhi au mwalimu wa chuo akaozesha, na bwana harusi akaondoka kambini akaenda kukaa ukingoni mwa kijiji, mahali ambapo shamba la mzungu lilipakana na msitu au na minazi ya wenyeji. Wakafuata wenziwe wawili watatu. Wengine waliwaleta wake zao kutoka Buha, kwa maana katika miaka ya baadaye wenye mashamba walianza kuwakubalia wafanya kazi kuja na jamaa zao. Hivyo ndivyo kitongoji kilivyozaliwa, bila amri ya serikali wala ramani, kwa jembe na ndoa.

Lakini tusiyapambe mambo kupita kweli yake. Uenyeji ule ulikuwa na daraja, na kila daraja ilikuwa na mlinzi wake. Mtu wa bara aliitwa mtu wa bara hata baada ya kusoma Kurani na kukhitimu. Walikuwapo wazee wa pwani waliotumia masharti ya kufuu, yaani usawa wa hali kati ya waoanao, kuzuia binti zao wasiolewe na manamba, ingawa mbora mbele ya Mungu ni mchamungu zaidi. Na utani wa barabarani, ambao kwa watu wa hali sawa ni kicheko, kwa mtu aliyechoka na kuwa peke yake ulikuwa ni tusi. Na katika ardhi palikuwa na sheria nyembamba inayostahiki kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake imefichika mashaka yote ya leo.

Kwa desturi ya sehemu nyingi za mwambao, ardhi ni kitu kimoja na miti iliyo juu yake ni kitu kingine. Mgeni aweza kuombewa kipande cha kulima, akapewa kwa moyo mweupe, apande mihogo, mtama na kunde, avune, ale, auze. Lakini asipande mnazi wala mwembe bila ya idhini, kwa maana mihogo huisha kwa mwaka au miwili, bali mnazi huishi kuliko aliyeupanda, na aliyepanda mti wa kudumu amedai mahali pa kudumu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama familia fulani ya Waha ilikwisha kupokelewa kweli, hukuhitaji kuwauliza watu. Uliitazama nyumba yao kama ina minazi, na minazi ile ina umri gani. Palipokuwa na mnazi uliopandwa na babu, pale ugeni ulikwisha. Palipokuwa na mihogo peke yake miaka hamsini, pale ukarimu wa mwenyeji ulikuwa bado una sharti.

Pamoja na hayo, ukikusanya pande zote mbili katika mizani, upande wa kupokea unazidi uzito. Mwambao huu ambao watu wa mbali huuona kuwa mgumu na uliojifungia katika desturi zake umekuwa tangu kale ukiwafanya wageni kuwa wenyeji, na wengine ukawafanya kuwa viongozi. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo mtoto mtumwa kutoka mashariki ya Kongo. Akasoma, akapata elimu, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 hapakuwa na mtu wa kauli kubwa zaidi yake katika mji ule ulioanza kwa kumnunua. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 kusini ya Tanga na kufanya kazi ya forodha Pangani, alikuwa na asili ya Kiyao, kabila la mbali kusini. Naye ndiye aliyekuja kuwa kigezo cha Kiswahili safi kwa taifa zima. Mwambao uliompa mgeni jembe ulimpa pia msahafu na kalamu, nao haukupata hasara.

Wageni nao walilipa. Waliacha mtungi wa pombe ya ndizi, na kuuacha kulikuwa ni kuacha nusu ya adabu ya kwao, kwa kuwa hapakuwa na posa wala suluhu iliyokamilika bila ya mtungi. Na mahali pake wakaweka kahawa, uji wa futari na sinia la wali. Lakini desturi ya kulimiana waliiendeleza, wakaiona inafanana na msaragambo wa majirani zao wa Tanga. Mapishi yakachanganyika: maharage, chakula cha vilimani, yakaungwa kwa nazi mahali pa mawese ya Kigoma. Na ujuzi wao wa kulima kwa bidii, wa kufukua ardhi iliyochoka na kuifunika kwa majani, uliongeza chakula katika vijiji ambavyo macho yake yalizoea kuelekea baharini.

Kwa wanawake palikuwa na jambo jingine lisilosemwa sana. Katika mila ya Buha, kama katika mila za makabila mengi yafuatayo ukoo wa baba, shamba la ukoo huenda kwa wana wa kiume. Na tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliuandika ubaguzi huo katika karatasi za serikali. Sharia ya Kiislamu, kwa mapungufu anayoyaona mtu wa leo, haimnyimi binti: humpa fungu nusu ya fungu la kaka yake, na fungu hilo limetajwa katika Kitabu, haliondolewi kwa kikao cha ukoo. Binti wa manamba aliyerithi fungu lake katika kipande cha mihogo pale Pangani alikuwa na kitu ambacho binamu yake wa Mabamba, katika ardhi ya babu zao wenyewe, hakuwa nacho. Nalisema hili kwa kuwa mara nyingi tumezoea kudhani kwamba penye ushikaji wa dini mwanamke daima hupoteza. Haki humfikia kwa njia nyingi, na kwa huyu ilimfikia chuoni.

Kisha mkonge ukaanguka. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zaidi ya 230,000. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalitaifishwa. Nyuzi za viwandani zilizotokana na mafuta zikaivunja bei katika masoko ya Ulaya na Marekani, uendeshaji ukaharibika, na kufika mwisho wa karne mavuno yalikuwa yamebaki kiasi cha tani 20,000. Uandikishaji wa vijana wa Kigoma ulikuwa umekwisha zamani. Katika mashamba mengi korona zilinyamaza, reli ndogo zikang'olewa na kuuzwa vyuma chakavu, na mkonge ukatoa milingoti yake ya maua, ambayo hutoka mara moja tu katika uhai wa mmea na kuutangazia kufa kwake. Shamba likawa msitu, na katika msitu huo kizazi cha manamba kikaingia na jembe.

Hapo ndipo swali la mnazi liliporudi kwa sura nyingine, na mara hii anayeulizwa si mzee wa kijiji bali Serikali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, humwezesha mwanakijiji kupata hatimiliki ya kimila ya shamba lake. Lakini sheria hiyo yahusu ardhi ya kijiji, na vitongoji hivi vingi vimekaa juu ya ardhi iliyoandikwa kuwa ya shamba kubwa, lenye hati yake na mwenye hati, hata kama mwenye hati hajalikanyaga kwa miaka ishirini. Mtu aliyezaliwa hapo, aliyezikiwa baba na babu hapo, kwa mizani ya karatasi ni mvamizi. Akipanda mihogo ameachiwa kwa hisani; akipanda minazi au miembe ameambiwa hatalipwa fidia. Yale yale yaliyokuwa desturi ya kijiji yamekuwa sharti la dola, ila desturi ya kijiji ilikuwa na huruma yake na muda wake wa kukoma, na sharti la karatasi halina.

Haki yapasa itajwe inapotendeka. Katika miaka ya karibuni Serikali imefuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa katika wilaya za Muheza na Korogwe ili ardhi igawiwe wananchi. Na tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, katika mashamba kama Hale, Magoma na Ngombezi, umekuwapo mpango wa wakulima wadogo kulima mkonge wao wenyewe na kuupeleka kusindikwa, hivi kwamba mjukuu wa mtu aliyekatiwa kipande aweza leo kuwa mwenye safu zake. Mambo haya ni mema. Lakini ugawaji una njia zake za kupotoka, na anayejua kuandika barua na kumjua mkubwa hupata kabla ya yule aliyelima hapo miaka arobaini. Kitongoji kisicho na hati hakina sauti katika kikao cha kugawa.

Tuurudishe sasa uso wetu Mabamba, kwa kuwa hesabu hii haikuishia pwani. Nchi ile iliyotoa watu imekuwa ikipokea watu. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwakusanya tena Waha katika vijiji vya ujamaa. Na tangu mwaka huo huo, kisha kwa wingi mwaka 1993, na tena tangu Aprili 2015, Warundi wamekuwa wakivuka mpaka wakikimbia damu ya kwao. Mabamba imekuwa mlango wao mmojawapo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kwa ajili ya Warundi. Na huko, nje ya mipaka ya kambi, mambo tuliyoyaona mkongeni yamejirudia kwa namna yake: mgeni asiye na ruhusa ya kutoka hutoka, akaenda kumlimia mwenyeji maharage kwa ujira mdogo, kwa lugha zinazosikilizana, akala chakula cha mchana chini ya migomba, akarudi jioni kuwa mtu wa kambi. Taifa letu liliwahi kufanya jambo adhimu lilipowapa uraia Warundi kiasi cha 162,000 waliokuja mwaka 1972, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2014. Kwa jambo hilo tulisifiwa duniani kwa haki. Lakini milango hufunguka na kufungwa kwa upepo wa siasa, na mwenyeji wa Mabamba naye ana malalamiko ya kweli juu ya kuni, ardhi na usalama, ambayo si adabu kuyapuuza kwa jina la ukarimu unaohubiriwa na watu wanaokaa mbali.

Lau ningepata nafasi ya kuwaketisha pamoja mzee wa Mabamba na mzee wa kitongoji cha Pangani ambaye babu yake alitoka Buha, ningependa huyu wa pili amweleze wa kwanza mambo mawili. La kwanza, kwamba mgeni hamalizi kuwa mgeni kwa kupita kwa miaka. Humaliza pale wenyeji wanapokubali kuyabeba mambo yake mazito, maradhi, ndoa na mazishi, na pale yeye anapokubali kuubeba mzigo wao. La pili, kwamba ukarimu usiokwenda mpaka kwenye ardhi na miti ni ukarimu wa muda, na watoto wa aliyepewa ukarimu wa muda hukua na woga usiokwisha, hata wakiwa na jina, dini na lugha moja na jirani zao.

Na kwa wale waliopewa dhamana ya ardhi yetu, neno la makala haya ni fupi. Vitongoji vya kizazi cha manamba katika mwambao wa Tanga vipimwe, viingizwe katika ardhi ya vijiji, na wakazi wake wapewe hatimiliki kwa majina yao, wanawake na wanaume, kabla mashamba yale hayajagawiwa tena kwa mwekezaji yeyote, awe wa ndani au wa nje. Historia yao ifundishwe Kibondo na Kasulu kama inavyostahiki kufundishwa Muheza na Pangani, ili mtoto wa vilimani ajue kwamba sehemu ya utajiri uliojenga bandari na barabara za nchi hii ilikatwa kwa panga la babu yake, na mtoto wa pwani ajue kwamba msikiti wa kijiji chake umejengwa pia kwa mikono iliyotoka mpakani mwa Burundi. Watu hawa walipewa jembe, wakalima. Walipewa faradhi, wakaitimiza. Waliishi na majirani zao kwa amani miaka sabini na zaidi. Methali haikudai zaidi ya hayo, na sheria haina haki ya kudai zaidi ya methali.